Kikombe cha Jumapili

...asilimia sita, nimemsikia daktari vizuri, niko hapa nje kwenye benchi, mlango wameuacha nusu wazi na sauti yake haijui kunong'ona, mifupa ya mdogo wangu imeongezeka uzito kwa asilimia sita ndani ya mwaka mmoja, na yangu, karatasi ya vipimo ninayo hapa mapajani nimeikunja mara nne, yangu haijapanda hata chembe, afadhali ingeshuka ningejua kuna kitu kinafanyika, lakini imekaa palepale kama gogo, na dawa ni ileile, kidonge kimoja kila Jumapili asubuhi, ugonjwa uleule, sote wawili tumezaliwa na mifupa ya kuvunjika kwa chafya, urithi wa baba, sasa kwa nini yeye... anacheka, anacheka na daktari, kile kicheko chake cha puani, cheka tu, una haki... na fundi mkuu kule kwenye ushonaji wetu alisema wazi, atakayeruhusiwa kusimama kutwa ndiye atakayeshika meza ya kukatia, na meza ile ni yangu, miaka tisa nimekata vitambaa pale, wateja hata jina hawanijui, wananiita Mkasi, hadi nyonga iliponivunjikia nikiinama kuokota chaki, chaki jamani, wakanihamishia kwenye vifungo, tangu hapo mimi ni wa vifungo, na huyu niliyemfundisha mwenyewe kushika mkasi ndiye... roho inaniuma, nifiche ili iweje, natamani watoke waseme samahani, karatasi zilichanganywa, ile nzuri ni ya dada mtu... "Unamezaje dawa yako?" daktari anauliza, swali gani hilo, kidonge kinamezwaje zaidi ya kumezwa... "Na maji matupu, kabla sijala chochote, halafu nakaa wima nusu saa," anajibu kama mwanafunzi wa dawati la mbele, na kweli anakaa, kila Jumapili kwenye kiti cha jikoni, mgongo umenyooka, mikono magotini, namtania, malkia anasubiri kupigwa picha, huku mimi changu nakimezea maziwa ya moto, kikombe kizima, mama ndiye aliyeanza, alisema mifupa inataka maziwa, na siku ile ya kwanza maziwa yalikuwa ya kikombe kimoja tu, akatuangalia, akanipa mimi, mimi mkubwa, mimi niliyevunjika zaidi, nikakipokea mbele ya mdogo wangu nikanywa taratibu ili aone, hadi povu la mdomoni nikalilamba, naye akasema, nakumbuka, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, kwenye boksi wameandika maji," nikamkata palepale, "Wivu tu huo, umekosa maziwa sasa unatafuta sababu," mama akacheka, nami nikacheka, yeye akageuka akaangalia saa ya ukutani, nusu saa yake ilikuwa haijaisha... "Umefanya vizuri," daktari anasema, "wengi wanamezea maziwa, dawa inashikana nayo tumboni, inapita moja kwa moja, mfupa hauonji kitu"... hauonji kitu, mwaka mzima, Jumapili hamsini na ushee, kikombe changu cha upendeleo, kumbe nilikuwa naipeleka dawa chooni kwa heshima zote, na kikombe nilikitaka mwenyewe, wiki mama alizosahau nilimkumbusha... "Dada yako ndiye simwelewi," karatasi zinapinduliwa, "inaonekana dawa imemkataa, nafikiria kumbadilishia"... mdogo wangu anajua, sema basi, hapana, usiseme, niache nibadilishiwe, nani atajua, nitaanza upya na dawa mpya na maji, mama hatajua, fundi hatajua, nyamaza mdogo wangu, nyamaza... "Daktari," sauti yake, ile ndogo ya jikoni, "muulize kwanza anamezea nini, mimi nikimwambia anasema nina wivu"... daktari anacheka kidogo, mdogo wangu hacheki, na mimi hapa kwenye benchi nafungua karatasi, mikunjo yote minne, naitazama, naikunja tena, kweli jikoni kwetu palikuwa na wivu, kila Jumapili, nao ulikuwa umeshika kikombe... mlango bado uko nusu wazi, hawajaniita, nanyoosha mgongo, mikono magotini, nimekaa wima.