Goti la Kushoto Limetia Sahihi

Usiku wa jana, baada ya kusali sala fupi kuliko kawaida yangu, niliota kwamba goti langu la kushoto limekataa kujiandikisha.

Kwanza nieleze kwa nini sala ilikuwa fupi. Mwezi wa tatu binti yangu Faines alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Nikasimama katikati ya ibada, mbele ya usharika wote wa hapa kwetu Njombe, nikasema: Bwana, ukinirudishia Faines na mtoto wake wakiwa wazima, nitakimbia zile mbio za vilima za kanisa mpaka mwisho, kwa miguu yangu, bila kupanda pikipiki hata hatua moja. Bwana hakuchelewa. Jumatatu walirudi nyumbani wote wawili. Aliyechelewa ni mimi. Nina miaka hamsini na sita, na mazoezi nimefanya siku tatu tu. Mojawapo ni siku nguruwe wetu alipotoroka.

Kwa hiyo jana, siku moja kabla ya mbio, nilimwandikia Mchungaji barua. Ni barua ya kwanza kuiandika maishani kwa mkono wangu, maana kabla ya darasa la jioni la watu wazima nilikuwa mtu wa kutia dole gumba. Niliomba nadhiri yangu ibadilishwe iwe mfungo wa siku saba. Mwandiko ulikuwa mzuri. Nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikasali haraka kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani aliyemkosea, nikalala.

Basi niko katika darasa letu la jioni, lakini ni asubuhi na limejaa wakimbiaji. Mwalimu Kaduma hayupo. Meza yake ndiyo inayoandikisha watu. Ile meza ina mguu mmoja mfupi, na ikiongea huyumba.

"Kamwene, mama," ikanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene."

Ikaniuliza jina. Nikasema Eliwaza Mlowe, mama Faines. Ikanisogezea kalamu niandike mwenyewe. Nikaandika, na mwishoni nikaweka nukta. Meza ikasema nukta haikuhitajika, lakini si kosa kubwa. Kisha ikaniomba karatasi ya kuweka chini ya mguu wake, kwa sababu kuyumba kunaiharibia maandishi. Karatasi niliyokuwa nayo ni ile barua. Nikaikunja mara nne, nikaiweka. Meza ikatulia.

"Karatasi nzuri," ikasema. "Inahusu nini?"

Nikasema haihusu kitu.

Kanuni za mbio nilizijua. Wiki iliyopita Mwalimu Kaduma alitusomesha kanuni hizo darasani, kila mtu anasimama na kusoma moja kwa sauti. Kanuni ya kwanza inasema mkimbiaji ajue hali ya mwili wake. Sikujua kwamba mwili wenyewe huitwa na kuhojiwa.

Mapafu yakaja pamoja kama mapacha siku ya kwanza ya shule. Yakasema yako tayari kujaribu. Tumbo likasema linakwenda popote ninapokwenda, halina namna. Goti la kulia likaandika jina lake kwa mwandiko unaozidi wangu. Goti la kushoto halikuinuka kwenye benchi.

"Mimi ni goti la sala," likasema. "Miaka arobaini unanikunja asubuhi na jioni. Kukunja najua. Katika usharika huu hakuna goti linaloniweza kwa kukunja. Lakini kunyooka, kukunja, kunyooka, kukunja, kilometa ishirini na moja, nani alinifundisha?"

Nikalikumbusha kwamba hata mimi nimejifunza kuandika nikiwa na miaka hamsini na nne.

"Wewe ulifundishwa," likajibu. "Mimi nilifukuzishwa nguruwe."

Meza ikatoa fomu nyingine, ikaisoma taratibu. Ilikuwa fomu ya nadhiri yangu. "Hapa umepokea binti mmoja na mjukuu mmoja wa kike," ikasema. "Usipofika mwisho, utaanza kumrudisha yupi?"

Iliuliza kwa upole, kama karani anayekuuliza utashukia wapi. 

"Hakuna wa kurudishwa," nikasema.

"Basi goti litie sahihi."

Goti likatoa sharti kwanza. Likasema limesikia kwamba mbio hizi ni kilometa ishirini na moja, mita tisini na saba na nusu. Ni kweli. Darasani tulikuwa tukijifunza sehemu, na tulibishana jioni nzima ile nusu mita ni ya nani. Goti likasema litanyooka na kukunja kama watu wanavyotaka, ila ile nusu mita ya mwisho iachwe kwake, likunje tu. Meza ikakubali. Kwa kuwa goti halijui kuandika, likawekwa kwenye kile kisahani cha wino wa zambarau tulichokuwa tukitumia wote zamani, likagandamizwa kwenye karatasi. Lilitoa alama nzuri ya mviringo.

Hapo akapita Mzee Nyagawa, mzee wa kanisa, amevaa viatu vya mbio vyenye rangi ya parachichi bichi. Mzee Nyagawa hukimbia kila asubuhi na hupenda aulizwe.

"Mama Faines," akasema, "hii ni mbio, siyo maandamano ya kwaya."

"Nami sijaja kuimba, mzee."

"Haya. Tutaonana Jumapili."

Kengele ikagongwa. Mlango wa darasa ukafunguka kwenye shamba langu la viazi, tukaanza kukimbia katikati ya matuta.

Sijafika hata mwisho wa shamba, pikipiki inakuja pembeni yangu. Haina dereva. Inakwenda polepole, ikinong'ona kama inavyonong'ona ikikaribia kuzima.

"Mama, twende? Hakuna atakayejua."

Nikaikemea, nikaiambia ikae nyuma yangu. Ikakaa nyuma yangu. Kosa langu ni kwamba sikuiambia ikae kwa muda gani, kwa hiyo ilikaa huko njia nzima.

Kilima cha kwanza kilikuwa kimeketi katikati ya barabara, kimejifunika blanketi la ukungu. Wakimbiaji wenzangu walikipita huku wakitazama saa zao. Mimi nimelelewa. Huwezi kumpita mtu mzima mbio kama mwizi, na tena kanuni ya tatu inasema mkimbiaji aheshimu njia. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikakisalimia.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Habari za nyumbani?"

Nikazitoa zote, maana habari za nyumbani hazitolewi nusu. Kikauliza kama mtoto wa Faines ananyonya vizuri, kama viazi vimeshikwa na ukungu, na yule nguruwe je. Nikasema nguruwe alipatikana. Kikauliza alipatikana wapi. Nikasema chumbani kwa Mchungaji. Kilima kikacheka mpaka mawe mawili yakaporomoka, kikashusha bega moja, nikajikuta nateremka upande wa pili bila kujua nimepanda saa ngapi.

"Hapo nimefurahi kidogo," goti la kushoto likasema.

Kanuni ya nne inasema maji yatatolewa kila kilometa ya tano. Kilometa ya tano alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua na kikombe cha bati. Akanipa maji, akaniambia kilometa ya sita yuko mbele kidogo, ila nisitarajie kitu kwake.

Ni kweli. Kilometa ya sita alinitazama tu.

Kilima cha pili kilikuwa kizito cha kusikia. Habari zote nilizirudia mara tatu, na ya nguruwe mara nne, na mwisho kikaelewa kwamba Mchungaji ndiye aliyetoroka. Kikasikitika sana, kikaniruhusu nipite. Sikuwa na muda wa kukisahihisha, na hilo nimelitubu.

Sasa barabara inaingia hospitali. Nakimbia kwenye ukumbi mrefu wa wodi ya wazazi, na ukumbi unapanda. Benchi lile nililokalia siku mbili lipo palepale ukutani. Linaniambia, "Kaa kidogo, mama, nimekuzoea." Nikalishukuru, nikapita. Nyuma yangu pikipiki inapiga honi taratibu kwa sababu ya wagonjwa.

Kilima cha tatu kilikuwa kwenye msiba.

Nilijua kabla sijaambiwa, kwa jinsi nyasi zake zilivyolala. Nikapiga magoti, nikakipa pole. Kikasema mvua za mwezi wa nne zilimchukua mwanawe wa kwanza, jiwe kubwa lililokaa begani pake tangu mwanzo.

"Yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Kwenye daraja. Wamemvunja kokoto."

Nilijua kila dakika inanipunguzia nguvu. Miguu ikipoa katikati ya mbio, kuiamsha ni kazi. Lakini mtu haambiwi msiba kisha akaendelea kukimbia. Nikakaa chini karibu yake, kimya, kama tunavyokaa. Pikipiki nayo ikazima injini kwa heshima.

Nikiwa nimekaa, nikasikia mtu anahema. Alikuwa Mzee Nyagawa, hatua kumi kutoka kwangu, anakimbia kwa nguvu zote kupanda, na yuko palepale. Kila akiinua mguu, kilima kinainuka naye.

"Mama Faines," akasema, "napanda tangu asubuhi. Kilima hiki hakina juu."

"Ninayo juu," kilima kikasema. "Sijamwonyesha. Waliopita bila salamu nimewapa upande wa kupanda. Upande wa kuteremka ni wa watu wanaonijua."

Mzee Nyagawa akaniomba nimsalimie kilima kwa niaba yake, kwa kuwa mimi tayari nimepiga magoti. Nikamwombea. Kilima kikajibu, "Ana mdomo."

Basi Mzee Nyagawa akasimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amesimama siku ya mbio. Akavua kofia, akainama, akasalimia, akatoa pole, tena akaitoa vizuri, kwa maana naye alizika mwaka juzi. Kilima kikamwambia aketi kidogo, wana mazungumzo. Nikawaacha wanaongea kuhusu watoto.

Kutoka hapo sikumbuki kilometa nyingi. Walinipita mmoja mmoja wakiwa wamevaa makoti yao, na wa kumi na wa kumi na tano wakanipa maji. Mapafu yalianza kugombana, kila moja likisema mwenzake hafanyi kazi. Tumbo lilisema liliniambia.

Wa ishirini na moja alikuwa mlango wa kanisa letu. Naingia, na ibada inaendelea. Watu wamekaa, matangazo yanasomwa. Barabara ni ule uwazi kati ya mabenchi, na imeinuka kama paa. Mbele kabisa, mahali pa madhabahu, kuna kamba ya kumalizia. Nyuma ya kamba ipo meza. Juu ya meza ameketi Faines na mtoto mapajani, kama watu wanaosubiri kuitwa.

Ni ile meza ya darasani. Fomu ya nadhiri iko wazi mbele yake.

Mita tisini na saba na nusu. Miguu yangu ikasimama yenyewe.

Pikipiki ikasogea mpaka kiti chake kikanigusa mgongoni. "Mama," ikasema, na safari hii sauti yake ilikuwa kama ya mtu wa nyumbani, "ni mita mia tu. Hata mimi ningependa mtoto abaki."

Kiti kilikuwa cha moto, chenye kitambaa kipya. Sitaki kudanganya hapa. Mkono wangu ulikishika.

"Usiitazame," goti la kushoto likasema. "Mimi nimetia sahihi, na sina mkono wa kuifuta."

Likanyooka. Likakunja, likanyooka tena, likilalamika kila hatua, na mwili mwingine wote ukalifuata kwa aibu. Hatua moja ilikuwa neno moja la sala. Nilisali sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusali, na tangazo la mazoezi ya kwaya lilipoisha kusomwa nilikuwa nimemaliza mita tisini na saba.

Ikabaki nusu. Ilikuwa imelala pale sakafuni kati yangu na kamba, safi, haijakanyagwa na mtu. Miguu ikasema yake imekwisha.

"Hii ni yangu," likasema goti.

Nikapiga magoti kwa mbele, kwa uzito wangu wote. Goti la kushoto likaangukia upande wa pili wa kamba.

Meza ikaangalia chini, ikapima. "Imetosha," ikasema, ikaifunga fomu. Mtoto akapiga chafya.

Nikaamka. Chafya nyingine ikasikika chumba cha pili, kisha sauti ya Faines ikimbembeleza. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Baba Faines alikuwa amelala, amegeukia ukuta.

Goti lilikuwa likiuma. Nikawasha taa nilitazame. Juu yake palikuwa na doa la zambarau, la mviringo, na ndani ya doa ngozi imeacha mistari myembamba kama ya dole gumba. Nikatia mate, nikasugua kwa pindo la kanga. Halikutoka. Nyumbani kwetu hakuna wino wa zambarau. Hata darasani hakuna. Mwalimu Kaduma alikitupa kile kisahani mwaka jana, siku mtu wa mwisho kati yetu alipoweza kuandika jina lake.

Faines akachungulia mlangoni na mtoto begani. Akaniuliza kama ninaamka kupeleka ile barua aliyoniona naiandika jana.

"Meza ya jikoni inayumba," nikamwambia.

Nikaichukua barua kwenye kitabu cha nyimbo, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza. Ikatulia. Kisha nikarudi kitandani, si kulala, nikapiga magoti na kusali bila haraka, mpaka dirisha likawa jeupe na vilima vikaanza kuonekana kimoja kimoja.

Nilipomaliza, goti la kushoto lilikuwa la kwanza kunyooka.