Mashine Iliyotaka Dunia Itulie

Docteur Adalbert hakupenda mashine ile iitwe mashine. Aliiita mgeni wetu, na kila asubuhi aliifuta vumbi kwa kitambaa ambacho muuguzi Wivine alikatazwa hata kukigusa. Ilikuwa mashine ya kupiga picha za tumbo, lakini si kama zile za zamani ambazo daktari huzungusha vitufe mpaka picha ikubali. Hii ilijirekebisha yenyewe, mwanga, kina na ukali wa picha. Tena ilikuwa na maringo. Haikumwonyesha mtu picha yoyote mpaka iridhike kwamba picha hiyo ni nzuri.

Uwingabire hakuja pale kutafuta uzuri. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na tangu alipokimbia kijiji chake cha Kibati kwa miguu, mizinga ikilia nyuma yake, mtoto hakuwa amecheza tumboni. Mlima wa moto ulikwisha kumchomea nyumba mwaka uliotangulia. Mumewe hakujulikana alipo. Kilichombakia ni hicho kilichomo tumboni tu, nacho kimenyamaza. Alitaka kujua kama mtoto wake yu hai, basi.

Mama mkwe wake, Mukakalisa, ndiye aliyemleta kwenye kliniki hii ya mtaa wa Birere. Aliuliza kama hapana kile kipembe cha mbao cha kusikilizia tumbo. Wivine akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kimefungiwa stoo pamoja na ufunguo wa stoo yenyewe, maana daktari hakutaka mgeni akione akajisikia vibaya.

Basi Uwingabire akalala kitandani, akapakwa ute wa baridi, daktari akaweka kipimo juu ya tumbo. Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya sista aliyekerwa na wanafunzi:

“Ça bouge.”

Daktari akatafsiri kwa unyenyekevu kwamba kuna kitu kinatikisika, na kwamba mgeni hawezi kutengeneza picha safi penye mtikisiko. Akamwambia Uwingabire asipumue. Akajikaza asipumue. Mukakalisa akaambiwa amshike miguu. Ça bouge. Wagonjwa wa korido wakakatazwa kukohoa, na wenye kifua wakatolewa nje wakakohoe mbali kwa zamu. Ça bouge. Wivine akatumwa barabarani kuwasihi wenye pikipiki wazime injini. Wakagoma, wakatukana kidogo, kisha waliposikia ni habari ya mwanamke mjamzito wakazima wote, na Birere ikanyamaza mchana kweupe kama Ijumaa Kuu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alitaka kwanza mwenyeji afe ganzi.

Kisha ardhi yenyewe ikatetemeka, maana mlima ule tangu uteme moto haujawahi kulala vizuri. Daktari alitoka akausimamia, mikono kiunoni, akautazama kwa hasira. Mlima haubembelezwi, lakini ulitulia wenyewe baada ya muda, na akarudi ndani akijiona kama ameshinda.

“Ça bouge.”

“Mama, mbona unatikisika?”

“Docteur, haiko mimi,” Uwingabire akasema. “Ni mabombe ya Kibati.”

Ilikuwa kweli. Kila mzinga ulipolia, dirisha lilijibu. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, lakini Adalbert alikwisha kuingia maji na ilimbidi aoge. Akampigia simu kamanda wa serikali. Kamanda akajibu kwamba yeye hawezi kunyamaza wa kwanza, watamcheka. Wivine naye alikuwa na shemeji upande wa waasi, kwani nani katika mji huu hana, na shemeji akaleta kutoka kwa kamanda wake jibu hilohilo neno kwa neno. Ndipo ikagundulika kwamba kamanda wa serikali ana mawe kwenye figo na yule wa waasi ana kidonda cha tumbo, na kila mmoja alikuwa akiililia mashine hiyo kimoyomoyo. Daktari akawaahidi nafasi wote wawili. Mambo ambayo wakubwa walishindwa kuyamaliza kwenye mazungumzo ya amani hotelini, kwa maji ya chupa na vitambulisho shingoni, yakaisha kwenye simu mbili zilizowekwa juu ya meza. Mizinga ikanyamaza.

Kulikuwa kimya hata nzi walisikika. Daktari akashusha kipimo taratibu, macho yamemtoka, akingoja picha ya maisha yake.

“Ça bouge.”

Adalbert akamkazia macho Mukakalisa, kisha Wivine, ambaye aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna. Hakuna aliyetikisika. Ndipo kipimo kikaruka mkononi mwake. Akakirudisha, kikaruka tena.

Uwingabire aliusikia wazi, mguu mdogo chini ya ubavu, ukisukuma kwa ujeuri. Akapumua kwa mara ya kwanza tangu Kibati. Machozi yakamtoka na kicheko kikayafuata, hakujua aanze na kipi, na Mukakalisa akamwachia miguu akaanza kuomba kwa Kinyarwanda.

Daktari peke yake ndiye aliyefadhaika.

“Mama, umuambie mutoto atulie. Minute moja tu. Anaharibu picha.”

“Apana, docteur. Mumuache acheze.”

Simu ya kwanza ikakoroma, na ya pili ikafuata. Makamanda walitaka kujua kama picha imetoka, kwa sababu vijana wao walikuwa wamechoka kukaa bure. Wivine akawaeleza kwamba bado, kuna mmoja amekataa kutii. Wote wawili wakauliza, karibu kwa pamoja, huyo aliyevunja makubaliano ni wa upande gani.

Wivine akageukia kitandani. Uwingabire alikuwa amekwisha kuketi, anafuta ute tumboni kwa kile kitambaa cha daktari. Akaziinamia simu zote mbili.

“Ni wa kwangu,” akasema, akazizima.