Mwanya wa Ukoo

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini hesabu hazikuwa zimestaafu kichwani mwake. Mkazamwana wake, fundi wa nguo, alilijua hilo tangu siku alipojifungua binti yake, Chiriku, maana mama mkwe wake hakuuliza mtoto ana uzito gani wala anafanana na nani. Alisimama kando ya kitanda akatazama dari, midomo ikimchezacheza, na fundi akaelewa kwamba anarudi nyuma mwezi baada ya mwezi hadi siku ya harusi. Jibu alilolipata hakulisema siku ile wala siku nyingine yoyote. Alianza tu kumwita mjukuu wake "huyo mtoto".

Angekuwa mtu wa kugomba, fundi angemjibu na yakaisha. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kugomba, alikuwa mtu wa kutabasamu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya uliosifiwa tangu usichana wake. Mama yake alikuwa nao, dada zake walikuwa nao, na binti za dada zake pia. "Kwetu sisi mtoto hahitaji cheti," alipenda kusema. "Anacheka tu, inatosha." Kisha anamgeukia Chiriku, ambaye meno yake ya juu yalikuwa yamebanana na kupandana, jino moja limekaa upande kabisa, na anashusha pumzi ndefu. Kwamba mwanawe mwenyewe, baba wa Chiriku, meno yake yalinyooka bila mwanya hata wa kupitisha uzi, hilo hakuna aliyethubutu kuliuliza.

Baba huyo alikuwa dereva wa lori, na kwa bahati yake njema alikuwa hayupo kila jambo lilipotokea. "Mzoee tu mama, ndivyo alivyo," alimwambia mkewe kwenye simu. Ni rahisi sana kumzoea mtu ukiwa mipakani unasubiri mzigo upite.

Chiriku aliitwa hivyo kwa wingi wa maneno, ila maneno yote aliyapitishia nyuma ya kiganja. Akicheka, kiganja kinakwenda mdomoni. Akilala, analala mdomo wazi na kukoroma kama mtu mzima aliyechoka. Fundi akampeleka kwa daktari wa meno, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na daktari akachungulia akasema kaakaa ni jembamba, meno hayana pa kukaa. Akamng'atisha mtoto ute mzito wa rangi ya waridi ili apate umbo la mdomo wake. Walipokwenda tena akambandikia kaakaani chuma chenye skrubu katikati. Kila siku mama aingize ufunguo mdogo kwenye tundu la skrubu, ausukume kutoka mbele kwenda nyuma, mara moja tu, na kaakaa litapanuka kidogokidogo. Zile nyaya za kunyoosha meno zitafuata baadaye.

Fundi aliifanya kazi hiyo kwa mkono uliozoea kutunga uzi kwenye sindano. Mtoto akitoka shule analala chali juu ya meza ya kukatia vitambaa, kichwa kwenye furushi la vipande, anaachama, na mama anasukuma. Siku za mwanzo aliongea kama aliyeficha kijiko mdomoni, mate yakimtoka ovyo. Kisha asubuhi moja alikuja mbio kutoka bafuni, mswaki mkononi, kiganja kimeshuka. Katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya.

Daktari alikuwa amewaeleza mapema kwamba utatokea. Ni dalili kwamba mfupa unaachana vizuri, alisema, na tukiacha kusukuma ufunguo utaanza kujifunga wenyewe, nyaya zitamalizia. Fundi alikuwa ameyasikia hayo yote, akayaelewa, na hata alikuwa na nia ya kuyasema. Lakini mchana ule Mwalimu alipita kuchukua gauni lake, Chiriku akacheka, na Mwalimu akakaa kitako juu ya kitambaa cha mteja.

"Njoo hapa," alisema. "Hebu cheka tena."

Chiriku akacheka tena. Mwalimu akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Kwamba mtoto anatibiwa meno alijua. Dawa yenyewe ni nini hakuwahi kujisumbua kuuliza.

"Umechelewa kutoka," alisema taratibu, "lakini umetoka. Mjukuu wangu."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Ndiyo sababu aliyojipa baadaye ya kukaa kimya.

Basi mambo yakageuka. Chiriku akatembezwa kwa dada wote wa Mwalimu, akichekeshwa kila mlango kama anayekaguliwa. Fundi naye, ambaye siku zote aliitwa "mke wa mwanangu" hata akiwa amekaa papo hapo, sasa aliitwa "binti yangu" na kuwekewa kiti chenye mto. Picha ya Chiriku ikatundikwa sebuleni kwa Mwalimu, kando ya ile ya marehemu mumewe, mzee ambaye fundi hakuwahi kumkuta hai na ambaye katika kila picha alifumba midomo kama aliyekabidhiwa siri. Fundi aliitazama picha ya mwanawe pale ukutani na moyo ukamjaa furaha, halafu akajikasirikia kwa furaha hiyo. Mtoto ni wa mumewe. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote duniani. Ameusema ukweli miaka yote hakuna aliyemwamini, na sasa anaaminiwa kwa sababu ya skrubu.

Siku ya kurudi hospitali daktari alipima akasema imetosha. Chuma kibaki palepale mpaka mfupa ukomae, ila ufunguo usiguswe tena. Haukupita muda, mwanya ukaanza kupungua. Na Mwalimu, kana kwamba ameambiwa, akatangaza kwamba anawakusanya wanawake wote wa ukoo kwa picha moja kubwa, kila mtu acheke, na mjukuu wake akae mbele.

Fundi alizunguka na ufunguo ule mfukoni mwa aproni siku kadhaa. Jumamosi moja akamwita Chiriku mezani.

"Si daktari alisema basi?" mtoto aliuliza, huku akijilaza.

"Mara moja tu. Fungua."

Akasukuma. Chiriku hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka pembeni, yakaingia masikioni, na mikono yake ikashika ukingo wa meza.

"Mama," alisema alipoweza kusema, "hii ni ya bibi?"

Fundi akautoa ufunguo. Aliona haya kiasi cha kushindwa kumtazama mtoto usoni, akajifanya anatafuta kitambaa cha kumfuta, katika chumba kilichojaa vitambaa.

Jumatatu alipitia kwa Mwalimu, amemshika Chiriku mkono, akasema, "Mama, tunakwenda kwa daktari. Naomba twende wote." Mwalimu akavaa gauni lake jipya. Njia nzima alimsimulia mjukuu wake nani atasimama wapi kwenye picha.

Katika chumba cha matibabu fundi alimweleza daktari alichofanya. Daktari akamketisha mtoto kwenye kiti, akamkagua, akasema hakuna kilichoharibika, ila asirudie, na akanyoosha mkono apewe ufunguo. Fundi hakumpa. Alimgeukia kwanza mama mkwe wake aliyekaa kando, ule ufunguo mdogo ukiwa kwenye kiganja.

"Mama, ule mwanya si wa ukoo. Nimeufungua mimi, kwa ufunguo huu. Unajifunga sasa, na nyaya zikiwekwa utakwisha kabisa. Nilipaswa kukwambia siku ileile."

Mwalimu aliutazama ufunguo. Tabasamu lilimtoka polepole, na mwanya wake ukatoweka nyuma ya midomo.

"Kumbe hesabu zangu zilikuwa sawa," alisema.

Fundi alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa na jibu, tena jibu refu la miaka, lakini daktari, aliyekuwa ameacha kungoja ufunguo na kuwapa mgongo akipekua kabati, asijue kinachoendelea, aligeuka na kipande cha plasta ngumu chenye umbo la meno mkononi.

"Bibi, tazama tulikotoka," alisema kwa fahari, akimwekea Mwalimu mapajani. "Haya ndiyo meno yake yalivyokuwa. Mwisho wa safari hutayatambua."

Mwalimu alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa kitu asichokitaka. Kisha akavaa miwani. Akakileta karibu, akakizungusha, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye lile jino lililokaa upande, kikapita nyuma yake, kikakaa kwenye pengo dogo lililojificha hapo.

"Hapa nyama ilikuwa ikimnasa," alisema. "Kila siku. Kijiti lazima nimtafutie mimi."

"Nani, Bibi?" daktari aliuliza.

"Mzee wangu. Haya ni meno ya mzee wangu."

"Hapana, ni ya Chiriku. Nilichukua umbo kabla hatujaanza."

Mwalimu hakumsikia. "Aliona haya kucheka mbele za watu," alisema, sauti imeshuka. "Alikuwa akiweka kiganja. Maisha yake yote, kiganja mdomoni."

Akamtazama mtoto kitini, kisha akamtazama mama yake. Fundi hakumsaidia. Miaka yote ushahidi ulikuwa mdomoni mwa Chiriku, nyuma ya kiganja kilekile, na wameupeleka wenyewe ukaondolewe.

"Daktari," Mwalimu alisema mwishowe, ameikumbatia ile plasta kwa mikono miwili. "Hayawezi kurudishwa yalivyokuwa?"

Daktari akacheka, akidhani ni utani. Chiriku, aliyependa utani wowote, akacheka naye, mdomo wazi, mikono yote miwili imelala mapajani.