Matanga ya Luteni Mežulis

Babu yangu Gaspard alipotangaza mezani kwamba Jumapili ya mwisho ya Julai tutaondoa matanga ya mtu aliyefia Riga, huko Latvia, miaka ya sabini, Shangazi Daphrose aliweka kijiko chini akamwangalia, akisubiri mzaha uishe.

"Papa, huyo mutu njo nani?"

"Luteni Mežulis. Nilikwambiaka."

"Yule muzungu wa mabarafu? Ni nani katika ukoo wetu?"

"Si mutu wa ukoo."

Shangazi akarudia kula. "Sawa. Batu ba Bwiza hawakataake bia. Lakini usiniombe mi kulia."

Kwetu Burundi mtu hazikwi akaisha. Baada ya muda ndugu na majirani hukusanyika tena kuondoa matanga, kuganduka kama tusemavyo kwa Kirundi. Msemaji husimulia maisha ya marehemu na kuuliza kama kuna mwenye neno naye. Kisha mtu wa familia yake hupokea maneno hayo na kufunga kilio, watu wakanywa pamoja, na tangu kesho yake walio hai wanaruhusiwa kuwa hai. Matanga yasipoondolewa, msiba unabaki umeketi nyumbani kama mgeni asiyeagwa.

Kwa Babu mgeni huyo alikuwa Augusts Mežulis, bawabu wa hosteli ya wanafunzi. Babu alikuwa kijana aliyepelekwa Riga kusomea ufundi wa ndege, na majira yake ya kwanza ya baridi yalimkuta na viatu vya kanisani. Bawabu alimwona akitetemeka mlangoni, akavua mabuti yake ya sufi, akampa, akabaki na soksi mpaka zamu yake ilipoisha. Kuanzia hapo walikunywa chai pamoja katika kibanda cha bawabu, na mzee akaanza kumsimulia.

Nimekulia ndani ya masimulizi hayo. Watoto wengine wa Bwiza, mtaa wetu hapa Bujumbura, walilazwa kwa hadithi za sungura. Mimi nililazwa kwa kinamasi karibu na Riga, ambako katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Kilatvia hawakuweza kuchimba mahandaki kwa sababu maji yalipanda, wakapanga magogo na mchanga juu ya ardhi, wakalala nyuma yake kwenye theluji. Mežulis aliingia pale akiwa mtoto wa mkulima aliyejitolea kuwazuia Wajerumani. Alitoka akiwa luteni, kwa kuwa waliokuwa juu yake walikuwa wamekufa.

Halafu mwaka wa 1917 yakaja mapinduzi. Askari waling'oa alama za vyeo kwenye mabega ya maofisa, na za Mežulis ziling'olewa pia. Kikosi chake kikakutana ghalani, mtu akauliza nani anataka huyu aendelee kuwaongoza. Mikono ikapanda yote, hata mkono wa askari ambaye Mežulis alikuwa amemwadhibu kwa kulala zamuni. Babu akifika hapo husimama na kuinua mkono wake, ili tuone.

"Aliniambia," husema Babu, "hakuna mufalme mwenye alimupa cheo kubwa kama ile."

Mežulis aliamini kwamba ardhi ingekuwa ya wanaoilima. Akawafuata watu wake upande wa Wekundu, jeshi la mapinduzi, hadi Urusi. Roberts, mdogo wake, alibaki akaingia jeshi la jamhuri mpya iliyozaliwa nyumbani. Mwanzoni mwa 1919 majeshi hayo mawili yalipigana kando ya mto Venta, na Roberts akafia huko. Mežulis, aliyekuwa amerudi na Wekundu, alikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Hakujua kamwe ni risasi ya nani, wala kaburi liko wapi. Miaka ilipita, na mapinduzi aliyoyapenda yakamkamata yeye mwenyewe, wakati ambapo kuwa Mlatvia kulitosha kuwa kosa. Alirudi kutoka kambi za wafungwa za kaskazini bila meno, akapewa funguo za hosteli.

Siku moja alimuuliza Babu watu wa kwao hufanyaje mtu akifa. Babu akamweleza. Mzee alisikiliza hadi chai ikapoa, akauliza kama inawezekana kwa mtu ambaye kaburi lake halijulikani. Babu akajibu ndiyo.

"Basi umfanyie Roberts. Na mimi, zamu yangu ikifika."

Zamu ilifika majira ya baridi yaliyofuata. Babu alikuwa miongoni mwa wachache waliomzika. Aliporudi Bujumbura na kuanza kazi uwanja wa ndege, vifo vya hapa navyo, vya vita hasa, vilikuwa vingi. Kila alipotaka kutimiza ahadi, alitokea marehemu wa karibu zaidi, akampita Mežulis kwenye foleni.

Mwaka huu Babu ameanza kupoteza maneno. Asubuhi moja alitafuta jina la mto wa Riga tangu chai mpaka jua lilipofika barazani. Nikamwambia, "Daugava, Babu." Alinishukuru, lakini niliona hofu usoni mwake. Akasema, "Christa, we njo utasema siku ile. Mi nikisahau, atakuwa amekufa kabisa."

Nilikubali. Nimemaliza shahada ya historia na bado nasubiri kazi. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba nilichosoma kina mtu anayekihitaji.

Jumapili ilipofika, baada ya misa, ua wetu ulijaa. Shangazi alikuwa amekodisha viti na hema, amechoma nyama, amepika maharage na ndizi, huku akilalamika tangu alfajiri. Binamu yangu Claude alizunguka akigawa bia na kuwaeleza wageni kwamba marehemu alikufa kwa baridi na tuwe waangalifu.

Mzee Astère, mwalimu mstaafu anayeongoza sherehe hizi mtaani kwetu, alisimama kufungua. Akatazama mbele, kwenye viti vya familia. Alikuwa ameketi Babu peke yake.

"Gaspard, upande wa marehemu ni nani?"

"Ni mi."

"Apana. We ulikuwa rafiki yake. Rafiki analia, ndugu njo anaondoa matanga. Nani atapokea maneno?"

Tulikuwa tumefikiria misa, hema, hata barafu ya kupozea Fanta, na hakuna aliyefikiria hilo. Babu alifungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa.

"Hakuwa na mutoto?" Astère aliuliza kwa upole.

"Hakuwa na mutu," nikasema mimi.

"Basi tunaweza kusali, tukule. Lakini matanga siwezi kuyaondoa, mutoto yangu. Nitakuwa ninadanganya wafu."

Babu aliangalia mikono yake. Shangazi Daphrose, ambaye hakutaka kulia, alikwenda kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mwacheni kwanza Christa aseme," alisema. "Batu bamekuja kusikia."

Nikasimama. Nilisema yote: kinamasi, magogo, mikono ghalani, mto Venta, meno, mabuti ya sufi. Claude aliacha kugawa bia. Nilipofika kwa ndugu wawili katika majeshi mawili, wazee kadhaa waliinamisha vichwa, na sikuhitaji kuwaeleza chochote. Nilimaliza, nikauliza kama desturi inavyotaka, kama kuna aliyebaki na neno na marehemu.

"Mi niko na neno."

Alikuwa Mzee Namegabe, Mkongomani anayeuza vitenge mlango wa pili kutoka kwetu. Tangu utoto wangu alikuwa akimwita Babu "Mulatvia" ili amchokoze. Alipita katikati ya viti taratibu.

"Kule kwetu Bukavu nilikuwa na mukubwa wangu. Aliingia jeshi moja, mi nikaingia ingine. Nilikimbia yangu, nikakuja huku. Yeye hakurudi. Hatuyajua ni wapi, hatuyajua ni nani alimupiga." Akasimama mbele ya Babu. "Huyu Roberts, mi namujua. Kama munakubali, nitakaa pahali yake, kama mudogo wa Luteni. Mi njo mudogo mwenye alibaki."

Astère akamuuliza, "Unajua kama ukikaa hapo, ni lazima ukubali kilio kiishe?"

"Najua. Ndiyo maana nimechelewa kusimama."

Babu alivuta kiti kilichokuwa kando yake, akakipangusa kwa kiganja.

"Mukubwa wako aliitwa nani?"

"Murhula." Namegabe aliketi. "Ni miaka mingi sijataja ile jina kwa sauti."

"Ongeza, Christa," Babu akaniambia. "Wawe watatu."

Nilisimama tena, lakini juu ya Murhula sikujua lolote, nikamgeukia Namegabe. Alianza polepole. Murhula alikuwa mwimbaji mbaya aliyeimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima. Aliwahi kufukuzwa kwenye kwaya, akaimba nje dirishani. Mtu akacheka, kisha watu wengi, na Namegabe mwenyewe akacheka huku akijifuta macho kwa pindo la shati lake la kitenge.

Akapokea maneno kwa niaba ya wote watatu. Astère akayaondoa matanga, na hakudanganya mtu. Shangazi alileta bia mbili, akamwekea Namegabe ya kwanza, kama inavyowekwa kwa mtu wa familia.

"Na huyu Augusts," Namegabe akamuuliza Babu, "alikuwa anaimba?"

Babu alifikiri kidogo, na safari hii neno likaja.

"Vibaya sana," akasema, akaanza kutuonyesha.