Gari Zima

Uchungu ulimwanza Solange ndani ya basi, kabla hatujaingia Yaoundé. Daktari wa Mbouda, kwetu milimani, alisema mtoto amekaa vibaya, twende mji mkuu tukasubiri huko. Mtoto hakutaka kusubiri. Tuliposhuka kituo cha Tongolo, binti yangu alikuwa amekumbatia nguzo ya umeme, anahema.

Nikasimama kando ya barabara. Nchini kwetu teksi ikipunguza mwendo unapaza sauti, unataja uendako na bei yako. Dereva akikubali anapiga honi. Akikataa anaondoka, hata hakutazami.

"Hospitali, wawili, elfu moja!"

Tatu zilinipita. Ya nne ikapiga honi. Dereva, kijana aliyepachika miwani ya jua utosini, akatupa begi letu kwenye buti na kulifunga kwa ufunguo. Ndani ya begi mlikuwa na glavu, dripu, pamba, uzi, dawa ya kuzuia damu. Mjamzito huenda kujifungua na vifaa vyake. Asipokuwa navyo, anakaa kwenye benchi mpaka ndugu wakavinunue.

Solange akaguna vibaya. Nikaropoka, "Twende moja kwa moja. Usibebe mtu mwingine."

Nilijua nimeharibu kabla sijafunga mdomo. Kumwambia dereva asibebe mtu ni kukodi gari zima. Hiyo inaitwa depo, na bei yake si elfu moja. Lakini yule hakutaja bei mpya, nami sikuuliza. Kwenye mzunguko wa kwanza akapunguza mwendo.

"Melen, mia tatu!" alipaza sauti mama mmoja mwenye beseni la samaki wa moshi.

Honi. Mama akaketi mbele, beseni mapajani. Gari zima likanuka moshi, na mimi nikashusha pumzi. Amebeba mtu, basi si depo.

Foleni ilitushika sokoni. Solange aliniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipofika kwenye geti la hospitali, nilimnyooshea dereva noti yake ya elfu moja. Hakuipokea.

"Elfu kumi, mama."

"Elfu kumi ya nini?"

"Si ulisema nisibebe mtu? Hiyo depo. Halafu foleni. Halafu mgonjwa."

"Uzazi si ugonjwa. Fungua buti."

"Lipa, nifungue." Akatikisa ufunguo, akauweka mfukoni mwa shati. "Nyinyi watu wa milimani mnapenda pesa kuliko watoto wenu."

Elfu kumi nilikuwa nayo. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo, ya kumwandikisha Solange wodini. Nikimpa huyu, naingia mikono mitupu. Nisipompa, naingia bila begi.

"Mama, mlipe tu," Solange alilia. "Mlipe, nakufa."

"Hufi. Pumua." Nikamgeukia mama wa samaki. "Dada, sema basi. Hii ni depo?"

Akatazama samaki wake. "Mimi nimelipa mia tatu yangu. Msiniingize."

Madereva waliokuwa wakisubiri abiria getini wakaanza kusogea. Mmoja akauliza, "Mvondo, kuna nini tena?"

"Mama huyu kakodi gari, sasa hataki kulipa!"

Kumbe ana jina. Nikainua sauti ili wote wasikie.

"Mvondo! Ni depo au si depo? Jibu moja."

"Depo!"

"Gari zima ni langu?"

"Lako, si ndiyo nakwambia! Lipa!"

"Vizuri." Nikafunga mlango kwa ndani. "Solange, lala hapo kwenye kiti. Panua miguu. Tunazalia humu."

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Mtoto amekaa vibaya, mikono yangu haina hata glavu, nami nimesoma uhasibu.

"Mama, hapana!" Mvondo aliruka. "Kiti hiki nimekishonesha juzi!"

"Kiti changu hicho. Na huyu dada, umembeba kwenye gari langu kwa ruhusa ya nani? Mia tatu yake nipe mimi."

Madereva wakaangua kicheko. "Depo yenye samaki, Mvondo! Mpe mama pesa yake!"

Mama wa samaki naye akacheka, beseni likatikisika mapajani. "Kweli jamani, depo gani hii na mimi nimo?"

Solange hakucheka. Alipiga ukelele ambao nilikuwa sijawahi kuusikia kwake, na maji yakamwagika kwenye kiti, yakashuka mpaka sakafuni.

Vicheko vikakatika. Mvondo alitoka mbio, ufunguo ukamponyoka, akauokota, akaukosesha tundu mara mbili. Buti likafunguka. Begi alilibeba mwenyewe mpaka mlango wa wodi, anapaza sauti, "Pisheni! Pisheni!" Nikamtia elfu moja mfukoni mwa shati. Hakuitazama.

Muuguzi akafungua begi, akatoa glavu, akavaa. Walimpandisha Solange kwenye kitanda cha magurudumu. Akanishika kanga.

"Mama. Ungeniacha nizalie mle? Kweli?"

"Pumua," nilimwambia.

Wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa. Nikatoa ile elfu kumi, nikaenda kumwandikisha.