Punguzo la Chumvi ya Kampene

Alhamisi alasiri wazee wa msikiti walimjia Mzee Soudi kwa mara ya pili wiki hiyo. Imamu amesafiri kwenda Kibombo. Ijumaa ya kesho nani atasalisha? Mzee Soudi, aliyeihifadhi Qur'ani tangu utotoni, aliwajibu kama alivyowajibu kwa zaidi ya miaka ishirini: "Mtafuteni mwingine, Mungu awarehemu." Sababu hakuwaambia. Sababu ilikuwa chumvi.

Mwaka wa pili wa vita, treni ilipokuwa imenyamaza na meli za mtoni zimezuiwa, Kindu ilikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na ladha. Familia kumi na mbili za mtaa wake zilichanga faranga mia sita, bei ya makopo sitini ya chumvi, zikamtuma yeye na baiskeli yake hadi Kampene, ambako ndege za wafanyabiashara wa madini zilileta magunia. Mchuuzi wa huko alimpunguzia: anunuaye makopo hamsini na zaidi hulipa nane badala ya kumi. Soudi akarudi na makopo sitini kamili, akagawa matano kila nyumba, asirudishe hata faranga moja. Lakini alirudi pia na kitenge cha mkewe Jamila, aliyekuwa karibu kujifungua. Alidhani amekinunua kwa bei ya majogoo wake watatu aliowauza hukohuko. Ila fedha yake na fedha ya amana zilikaa katika mfuko mmoja, na hapo ndipo wasiwasi ulipopata mlango. Kila aliposimama kuswali, moyo ulimuuliza: mia sita toa mia nne na themanini, ile mia na ishirini iko wapi? Umemvisha mkeo amana ya wajane.

Mjukuu wake Salama alikuwa amelala kifudifudi mkekani, akitafuna kalamu.

"Unapigana na nani humo daftarini?" Mzee akamuuliza.

"Na fonksio, Babu, hesabu za x na y. Eti mama ananunua sabuni, mwenye duka anapunguza asilimia ishirini, halafu iko na transpo ya kulipa. Tuandike kanuni moja ya gharama yote."

Mzee alilivuta daftari karibu. Kisha akasema, "Sabuni waachie wenyewe. Niandikie chumvi." Akamtajia mia sita ya mchango, bei na punguzo, hata kitenge na majogoo.

"Na transpo?"

"Mtumbwi wa kuvuka Lualaba, kwenda na kurudi, na wenye bunduki waliofunga njia kwenye barieri. Faranga sabini. Hiyo sikuihesabu kamwe. Ilikuwa balaa ya njia, si bei ya chumvi."

"Mwalimu angekukata alama, Babu. Ni gharama." Akaandika: y = 8x + 70. Akaweka sitini mahali pa x, midomo ikimchezacheza. "Mia tano na hamsini."

"Kwa hiyo imebaki hamsini."

"Ndiyo, hamsini."

Mzee Soudi akaikazia macho ile hamsini. Bora mia na ishirini ya shaka kuliko hamsini ya hakika. Kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana uso, akauliza, "Na hii sabini, mbona haikuzidishwa na kitu?"

"Hiyo haijali makopo. Hata x ikiwa sifuri, unailipa. Yaani uende Kampene, urudi mikono mitupu, wao sabini yao wameshakula."

Mzee akainuka mkekani kama kijana.

"Nilirudi mikono mitupu!"

"Lini?"

"Safari ya kwanza! Ndege hazikuwa zimetua siku nane. Nikarudi na baiskeli tupu, barieri zilezile, mtumbwi uleule, ndipo nikaenda tena. Safari ile niliifuta kichwani, maana haikuleta hata punje."

Salama akaandika taratibu: safari ya sifuri, sabini; safari ya sitini, mia tano na hamsini. Akajumlisha mara mbili ili asimdanganye mzee. "Mia sita na ishirini. Babu, ulitoa ishirini yako juu. Kitenge ni cha majogoo."

"Alhamdulillahi," akasema, na ndevu zikalowa.

Hata hivyo, mtu hajihukumu mwenyewe. Aliichukua karatasi, akavuka njia hadi kwa Mama Philomène, mjane Mkristo aliyekula chumvi ile, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni.

Philomène akaweka chini mchi wake. "Baba Soudi! Miaka yote hii ukiniona unageuza njia, mimi nikasema njo sababu ya nguruwe yangu!"

"Hata nguruwe pia," akakiri.

Mama akacheka hadi akashika ukuta. "Ile chumvi ilifanya mutoto wangu Espoir akubali kula. Hata ungeniletea kopo mbili tu ningekuombea. Sasa hiyo ishirini, nani anamudai mwenzake?"

"Mimi nawadai ninyi. Nimewasamehe."

"Basi keti, ule sombe. Leo iko na chumvi."

Akaketi, akala. Kutoka hapo alipita nyumbani kwa mkubwa wa wazee, akasema maneno mawili tu: "Nitasalisha mimi."

Ijumaa, safu zilipojipanga nyuma yake, aliinua mikono kwa takbiri. Alipoinama kurukuu, karatasi ya Salama ilikwaruza kifua chake ndani ya kanzu, na moyo haukumuuliza kitu.