Vidole Gumba vya Baba

Kila ukurasa baba huuanza kwa neno moja: "Fuatisha." Hapo naweka rula chini ya mstari wa kwanza wa karatasi yangu, yeye anaweka vidole kwenye Reli, na tunaondoka pamoja. Yeye anasoma kwa sauti yaliyoandikwa kwa nukta nundu, mimi nafuata kwa macho maandishi ya kawaida. Tukiachana mahali, hata kwa herufi moja, tunasimama. Ndiyo kazi yetu katika kiwanda hiki cha chapa: kusahihisha vitabu vya wasioona kabla havijapigwa kwenye karatasi nzito. Nilipomaliza shule ya msingi niliingia humu, nikakaa upande wake wa kulia, na sijahama.

Reli ni kifaa. Ni kisanduku chembamba, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kilichounganishwa na kompyuta kwa waya. Juu yake kuna mstari mmoja wa pini ndogo zinazochomoza na kuzama, na zikichomoza zinaunda kipande cha sentensi. Chini kuna vitufe viwili vya kubonyezwa kwa vidole gumba, cha kushoto cha kurudi nyuma, cha kulia cha kwenda mbele. Waliokitengeneza walishafunga kampuni yao siku nyingi. Jina la Reli kalitoa baba mwenyewe. Anasema ukishapanda huwezi kupotea njia.

Ujanani baba alikuwa akipiga nukta kwa mkono kwenye bati, na bati likamwachia ncha za vidole ngumu kama kisigino. Vifaa vya siku hizi vina pini laini. Alipewa kimoja akijaribu, akakipapasa, akakirudisha kwa adabu zote akisema ni sawa na kusoma blanketi. Pini za Reli ni za chuma, zina ukali wake, nazo tu ndizo zinazopenya hiyo sugu. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu humu ndani: Reli ikiondoka, baba hasomi tena.

Halafu vikaja vifaa vipya vyenye mistari kadhaa badala ya mmoja, vinavyojua hata kidole kimefika wapi. Kompyuta zetu hazikuvitambua. Dada yangu mkubwa ndiye fundi wa programu hapa, akaitwa.

Alinieleza akiwa anamenya chungwa, maana dada hawezi kueleza kitu mikono ikiwa mitupu. Ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini, programu inayozitawala nyingine zote. Ndani ya kiini kuna idara ya vifaa vya kusoma kwa vidole, na kila kifaa kina kiendeshi chake humo, yaani mkalimani wa kukiunganisha na kompyuta. Tatizo ni kwamba idara nzima ilijengwa na watu walioamini kifaa kitakuwa na mstari mmoja milele. Kazi yake ilikuwa kuipanua.

Bosi, mama mmoja mpole ambaye upole wake haujawahi kubadilisha uamuzi wake, alituita akasema kompyuta zote zitahamia kiini kipya, kwa sababu kiwanda hakiwezi kulea viini viwili. Kifaa kitakachoshindwa kuelewana nacho kitakwenda stoo, na anayekitumia atatafutiwa nafasi nyingine. Hakumtaja baba. Alisema tu kuwa mapokezi wanahitaji mtu mwenye sauti nzuri ya kupokea simu.

"Mzee akipokea simu watu watapiga hata kama hawana shida," akasema Umeme. Huyo ni msomaji kijana, naye haoni, ndiye aliyepewa kifaa kipya cha kwanza, na jina amelipata kwa kasi yake. Tukacheka. Baba pia alicheka, ila mkono wake ulikuwa juu ya Reli muda wote.

Tulipotoka dada akamshika bega. "Baba, lala usingizi. Nikimaliza kazi yangu, Reli haitajua hata kama nimepita."

Dada hana maneno mengi ya kujisifu, lakini akisema kitu ujue ameshakipima. Nilikuwa nikimtazama wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye kiti cha pembeni na chai yangu. Kila amri inayokwenda kwenye kifaa ina namba yake. Namba za zamani hakuzigusa hata moja. Za amri mpya alizipanga nyuma yao, kama watu wenye adabu wanaokuta foleni. Programu inayotaka mistari mingi ilibidi iulize kwanza kama kifaa kinayo. Isiyouliza inahudumiwa vilevile ilivyozoea, wala haiambiwi kwamba dunia imebadilika. Alizifufua hata programu ambazo hakuna anayezitumia, akazijaribu moja moja. Nilimuuliza kwa nini ahangaike nazo. Akaniambia hajui nani bado anazitegemea, na kutomjua mtu si ruhusa ya kumvunjia nyumba.

Katika kupitia kiendeshi cha Reli alikuta mambo ya ajabu ya fundi aliyetangulia. Alinisomea mengine tukacheka. Aliyoweza kusafisha alisafisha, akaacha kiendeshi kinang'aa.

Siku ya kuhamia, Reli iliwaka. Baba akaweka vidole, akasoma aya nzima bila kukwama, kitufe cha kushoto kikarudisha, cha kulia kikapeleka. Umeme akapiga makofi. Bosi akasema vizuri, tutaangalia mwendo mpaka mwisho wa mwezi. Baba akamwita dada "mama yangu," jina analomwita akiwa amefurahi, akasema kweli sikuhisi umepita.

Basi tukaendelea na kazi. Wakati huohuo ile mashine kubwa ya kuchapia ililetwa chumbani kwetu kwa kuwa chumba chake kilikuwa kinapakwa rangi, na ikawa inagonga karatasi kutwa nzima mpaka kuongea lazima unyanyue sauti.

Baba akaanza kuchelewa.

Mwanzoni nilidhani ni kelele. Alikuwa akifika katikati ya mstari anasimama, anapapasa herufi ileile, anaenda, anarudi. Akasoma "lima" pakiwa na "pima." Akasoma "kaka" pakiwa na "kama." Siku nyingine nilikuwa natoa rula kwenye mstari nikijua atanifikia, nageuka, bado yuko nyuma. Hakulalamika. Alianza kuja na kichupa cha mafuta, kabla ya kazi anasugua ncha za vidole, na mchana anaviloweka kwenye maji ya moto jikoni akisema ni baridi tu. Hakukuwa na baridi.

Umeme alimtania kwamba Reli imeanza kusimama kila stesheni. Baba akamjibu kuwa abiria wazito wamezidi. Ila aliporudi kitini aliniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini niliyoisikia kwa shida.

"Vidole vimekufa, mwanangu. Usimwambie dada yako. Mtoto amefanya kazi yake vizuri, nisije nikaiwekea doa kwa uzee wangu. Ijumaa nitakwenda kwa Bosi mwenyewe, nichukue hizo simu kabla sijaambiwa."

Nikasema sawa, baba.

Lakini tangu hapo sikumtazama tena usoni, nilitazama mikono. Nilikuwa nimekaa pembeni ya mikono ile miaka, na nilijua inavyokwenda kama mtu anavyojua mwendo wa watu wa nyumbani kwake gizani. Vidole vilikuwa havitetemeki. Vilikuwa vinapita juu ya pini kwa upole uleule. Na alipokwama kwenye herufi, vidole gumba vyote viwili vilishuka kwa pamoja, vikabonyeza vitufe vyote viwili, vikaachia. Hilo nalo halikuwa geni. Amefanya hivyo tangu namjua, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kusema.

Kilichokuwa kigeni ni kwamba pini hazikucheza.

Nilingoja akwame tena. Gumba zikashuka pamoja, zikaachia, pini zikabaki palepale. Ndipo nikakumbuka ule mchakacho, kama maharage yanapomwagwa kwenye sinia: pini zote zilikuwa zikizama na kuchomoza upya, chap, kisha baba anasoma. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu tuhame. Na kwa kishindo cha ile mashine, baba asingeweza kujua kuwa haipo.

Nilimwambia naenda chooni. Nilikwenda kwa dada. Ahadi niliyompa baba niliivunja mlangoni kabla hata sijaketi, nikamweleza yote, simu, mafuta na Ijumaa, kisha gumba. Dada alikuwa na kalamu mdomoni. Akaitoa.

"Anabonyeza vyote viwili? Kwa pamoja?"

"Tangu zamani."

"Hakuna maelekezo yanayosema hivyo."

"Sijui maelekezo. Nakwambia anavyofanya."

Akafungua kiendeshi cha zamani, akateremka, akasimama mahali. Halafu akajishika kichwa, na kwa mshangao wangu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepata funguo mfukoni mwake mwenyewe. Fundi wa kwanza hakuwa amefikiria mtu abonyeze vitufe vyote viwili. Kiendeshi chake kikipata hiyo kilichanganyikiwa, kikashusha pini zote na kuzipandisha upya mstari uleule. Dada alipoliona aliliita kosa, linalochosha pini bure. Akalifuta, akavipa vitufe viwili kwa pamoja namba yao mpya, itakayotumiwa na vifaa vipya. Programu ya baba haikuijua namba hiyo, ikawa inanyamaza.

"Pini ikizubaa kidogo, isichomoze yote, mwenye vidole laini hajali," akasema. "Baba alikuwa anaipiga shoti inyanyuke. Na lile kosa ndilo lililomsomesha miaka yote hii." Alishaanza kuandika. "Nilitunza kila kitu kilichoandikwa, mdogo wangu. Hili halikuandikwa popote ila kwenye gumba zake."

Nilimuuliza kama itamchukua muda. Akaniambia nikazime ile mashine kubwa, nimketishe baba, na nisimruhusu kunyanyuka hata akidai moto umewaka.

Kumketisha haikuwa rahisi. Baba alikuwa ameshavaa koti, fimbo mkononi, ameamua Ijumaa ni mbali. Nikamwambia dada anakuja kuangalia waya. Akasema waya hauna shida. Nikamwambia basi amweleze mwenyewe, mimi ananigombeza. Akaketi, koti mwilini.

Dada aliingia, akaweka kiendeshi kipya, akasema, "Baba, soma palepale ulipokwama."

"Nimekwama pengi, mama."

"Popote."

Akaweka vidole. Chumba kilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu mashine ile iletwe. Akafika kwenye herufi iliyozubaa, gumba zikashuka zenyewe, na maharage yakamwagika kwenye sinia.

Baba akashusha gumba tena, kwa makusudi sasa, akasikiliza. Mara ya tatu akawa anatabasamu.

"Kumbe mimi hufanya hivi?"

"Ndiyo, baba," nikasema.

"Na nyie mmenyamaza tu." Akageuza uso upande wa dada. "Nimepaka mafuta chupa nzima."

"Ni mimi, baba. Nililiona ni kosa la yule fundi, nikalisafisha."

"Sasa?"

"Sasa Reli ni kama ilivyokuwa, na makosa yake yote. Kifaa kipya kikitaka vitufe viwili vimaanishe kitu kingine, kiombe kwanza. Kisichoomba hakiguswi."

Umeme akasema kutoka pembeni kuwa yeye ataomba basi, maana anataka vitufe viwili vimletee chai. Baba akamwambia chai hiyo aanze kwa kumletea yeye, mkubwa wa stesheni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bosi, amekuja kuuliza nani kazima mashine. Alimkuta baba na koti, akauliza kama anatoka.

"Nilikuwa natoka," baba akasema. Akavua koti, akanipa nilitundike, akakunja mikono ya shati na kuvirudisha vidole kwenye pini. "Wewe," akaniambia bila kunigeukia, "nikikusikia tena unanihesabia gumba zangu nitaanza kuzifikiria, na nikizifikiria zitajikwaa. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nikaweka rula chini ya mstari.

"Fuatisha."